Masikio Chini ya Utepe

(Watu kadhaa wamenipigia simu wakisema walikosa, wengine boti iliwachelewesha, wengine usingizi uliwapitia baada ya Isha, basi nimekaa nikaiandika hotuba vile nilivyoitoa pale ukumbini, pamoja na pale nilipopotea njia. Msinilaumu.)

Asalam aleikum wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliojazana huko nyuma kwenye mabenchi ya kuazima, tafadhali msiyavunje, asubuhi yanatakiwa na wenyewe.

Naanza kwa kuomba radhi kwa Maalim wangu aliyekaa hapa mbele, huyu ndiye alonishika mkono chuoni tangu alifu na be, juzi aliposikia nitasimama mbele ya watu kuzungumza juu ya katuni alinitazama juu mpaka chini akanambia, "Wewe na ndevu hizo?" Maalim, ndio, mimi na ndevu hizi. Nipe nusu saa tu.

Mambo yalianza hivi. Likizo hii watoto wangu wa darasa la kuchora walitaka tutazame katuni moja mwanzo mwisho, sio vile vipande vipande vya kwenye simu, basi tukafunga projekta ikawa yapiga kwenye ukuta wa uwani, jirani akatukaangia viazi vya karai, tukakaa usiku baada ya usiku mpaka mbu wakatujua majina. Katuni yenyewe inaandikwa RWBY, inasomwa Rubi, ni ya Wamarekani, kampuni ya Rooster Teeth ya huko Austin, Texas, ilianza kutoka kwenye intaneti Julai 2013. Hizo herufi nne ni wasichana wanne, Ruby, Weiss, Blake na Yang, mwekundu, mweupe, mweusi na wa manjano, wako chuo cha kufundishwa kupigana na madude yaitwayo Grimm. Hiyo ndio stori, kama hujaitazama shika mtoto yeyote hapo nje atakueleza mpaka umwombe anyamaze.

Nimpe mwenye haki haki yake kwanza. Monty Oum, aliyeibuni hii kitu, alikuwa fundi wa ajabu. Ile trela ya kwanza ya Novemba 2012, msichana mwenye joho jekundu yuko kwenye theluji anapigana na kundi la madude kwa fyekeo refu kuliko yeye, na hilo fyekeo ni bunduki pia, wallahi watoto waliirudisha mara sita na mimi sikuwakataza manake nilikuwa nataka mara ya saba. Muziki mzuri, mwendo wa mwili mzuri, na mwanzoni walikuwa na vifaa vya hivi hivi tu. Alifariki Februari 2015, ana miaka 33, sizoni mbili zimetoka, wenzake wakaendelea bila yeye. Sikuja hapa kumsema marehemu. Lakini msije mkaniambia katuni iliharibika kwa sababu ya kifo chake, hapana, hili ninalotaka kulisema lilikuwemo tangu sizoni ya kwanza, kama mchwa ndani ya boriti, nyumba yasimama lakini ukigonga wasikia.

Ndani ya ile dunia yao kuna watu waitwao Faunus. Ni watu kama watu wengine, ila kila mmoja ana kitu cha mnyama, huyu mkia, huyu pembe, huyu masikio. (Kijana mmoja akasema Faunus wa hapa kwetu Amu, yaani Lamu, angekuwa na masikio ya punda, tukacheka mpaka projekta ikatikisika, halafu mwengine akasema basi angalau angejua njia zote za mji.) Hawa Faunus wanabaguliwa, wanatumikishwa migodini, na kampuni kubwa inayosemwa kwa kuwatesa ni ya familia ya Weiss, yule mweupe. Blake, yule mweusi, ana masikio ya paka na anayaficha chini ya utepe.

Msichana mdogo darasani kwangu akauliza, "Kwani huyu ajifunika kama sisi?" Nikamwambia hapana mwanangu, wewe ukijifunika wataka ujulikane wewe ni nani, huyu ajifunika asijulikane.

Na hapo ndipo katuni iliponishika, nasema kweli, kwa sababu utepe mimi nimeuvaa. Nilipelekwa sekondari ya bweni huko bara, jina la shule siltaji, wiki ya kwanza nikafungua mdomo nikaongea vile tuongeavyo nyumbani, bweni zima likacheka. Ati naimba. Ati watu wa pwani ni wavivu, ati twalala chini ya mnazi twangoja nazi ianguke yenyewe. Mwezi wa pili nikawa naongea kama wao. Mwezi wa tatu mtu akiniuliza watoka wapi nasema Mombasa, manake Mombasa angalau waliisikia, Amu ilikuwa lazima nieleze, na kila nikieleza wanacheka upya. Nilirudi likizo mamangu akanambia sauti yako imekwenda wapi. Kwa hivyo Blake alipotokea na ule utepe wake nikajisogeza mbele kwenye mkeka, nikasema haya, hawa watu leo watasema kitu.

Hawakusema.

Ebu niwape sini moja, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu yote yamo humu. Sizoni ya kwanza, ukumbi wa kula wa chuo. Kuna mwanafunzi mkubwa jeuri, Cardin, amemshika msichana aitwaye Velvet mwenye masikio ya sungura, anamvuta masikio, wenzake wanacheka, msichana anaomba aachiwe. Meza ya pili wamekaa mashujaa wetu. Wote. Hawa ambao epsodi chache nyuma wameangusha dude kubwa kama nyumba, wana mapanga wana bunduki wana nguvu za kupasua jiwe. Wanatazama. Mmoja anasema siwawezi watu kama hawa. Yang anasema lazima ni vigumu kuwa Faunus. Na Blake yuko hapo hapo mezani, masikio yake ndani ya utepe. Velvet anaachiliwa anaondoka akiwa ameinamisha kichwa, na stori inaendelea na shida za kijana mwengine kabisa, Jaune, kijana wa kizungu ambaye aliingia chuo kwa karatasi za kughushi na sasa huyo ndiye tunayetakiwa kumhurumia epsodi kadhaa.

Jamani.

Mimi nilisimamisha projekta. Nikawauliza watoto, nani angeinuka? Mikono yote juu. Sawa, watoto ni watoto, mezani hapo pengine ni wawili wangeinuka kweli. Lakini swali langu sio kama mashujaa ni wabaya. Mtu aweza kuandika stori nzuri sana ya watu wazuri waliokaa kimya, hiyo ndio stori ya dunia nzima, na kimya cha Blake peke yake, kwa nini hakuinuka, aliogopa nini, usiku alilala vipi, hicho kingetosha epsodi tatu. Shida ni kwamba walioandika hawakujua kuwa wameandika kimya. Waliona wameandika huruma. Walidhani kusema "lazima ni vigumu" ni kufanya kitu.

Na baada ya hapo ubaguzi mwingi twauambiwa tu. Twasimuliwa na mwalimu wa historia darasani, twasimuliwa na Blake amekaa, twasimuliwa njiani. Kuna msichana mwengine baadaye, Ilia, ngozi yake hubadilika rangi kama kinyonga, alisoma shule ya wakubwa akijifanya si Faunus, wazazi wake wakafa kwenye ajali ya mgodi, wanafunzi wenzake waliposikia habari ile wakacheka, na ngozi yake ikabadilika mbele yao ikamtoboa siri. Mumesikia hiyo? Hiyo ni stori ya kuliza mtu mzima. Mimi nilipoisikia nilinyamaza. Na wao wameipa nafasi gani? Ya maneno. Inasimuliwa kidogo halafu mapigano yanaendelea. Ungekuwa na maandazi kama hayo ungeyaficha jikoni ukawapa wageni mkate wa juzi?

Weiss naye. Huyu kalelewa kwenye vita kati ya familia yake na kundi la Faunus liitwalo White Fang, anawachukia Faunus waziwazi, anawatukana mbele ya Blake bila kujua. Siri ya Blake inatoka, Blake anakimbia. Nikasema sasa, hapa lazima hawa wawili wakae. Wanapokutana Weiss anasema amekuwa na masaa 12 ya kufikiria na ameamua hajali. Masaa 12! Mimi jirani yangu tuligombana juu ya maji ya paa yanayomwagika upande wake, tulikaa miezi minane hatusalimiani, na sote twaswali msikiti mmoja.

Sasa nije kwa Adam, mpiganaji wa White Fang aliyewahi kuwa mwenzake Blake, na hapa ndipo wengi wenu mtanipinga, mnipinge, maswali nitachukua mwisho.

White Fang, tunaambiwa, ilianza kama kundi la amani likiongozwa na babake Blake, maandamano na kususia. Haikusaidia. Uongozi ukabadilika, wakaanza kutumia nguvu, wakavaa barakoa zenye sura ya Grimm, na Blake anaeleza sababu yake, kwamba binadamu waliwafanya madude basi wakaamua kuvaa sura za madude. Hilo ni wazo zito sana, nataka kusema hivyo. Na Adam Taurus ndiye sura ya hasira ile. Ungetegemea nini? Mtu mwenye hoja. Mtu ambaye akiongea unaogopa kwa sababu nusu ya anachosema ni kweli na nusu ya pili ni damu.

Walimfanya nini? Walimgeuza mwanamume aliyeachwa. Kila sizoni ikipita Adam anaongea machache juu ya Faunus na mengi juu ya Blake, Blake kaniacha, Blake nitamwadhibu, kila anayempenda nitamwangamiza. Mwisho wa sizoni ya 3 anamkata Yang mkono, na sababu ni Blake. Sikatai, wanaume kama hao wapo, na stori ya mwanamke anayemkimbia mwanamume wa namna ile yafaa kusimuliwa, na humu kuna mama wanaweza kuisimulia kuliko mimi. Lakini hiyo ni stori nyengine. Ukiivisha juu ya hii umefanya ujanja, kwa sababu sasa hatuhitaji tena kuijibu hasira yake. Twamwona ni mgonjwa wa mapenzi, basi, yaliyomkasirisha yanakwenda naye.

Halafu sizoni ya 6, wako darajani juu ya maporomoko, Adam anafungua kitambaa cha usoni, na juu ya jicho lake kuna chapa. Alichomwa moto kama ng'ombe, herufi za kampuni ya kina Weiss, SDC. Uwani kwangu hakuna aliyepumua. Nani alimchapa? Alikuwa na umri gani? Katuni haisemi. Epsodi ya pili yake Blake na Yang wamemchoma upanga akaanguka majini, na Weiss, ambaye jina la babake liko kwenye ngozi ya mtu, mimi sikumwona hata siku moja akikalishwa mbele ya jambo lile akaulizwa.

Machozi ya samaki huenda na maji, ndivyo walivyofanya.

Na kabla ya hapo, sizoni ya 4 na ya 5, kuna kisiwa kinaitwa Menagerie. Baada ya vita Faunus walipewa kisiwa chao wakae huko, na sehemu kubwa ya kisiwa ni jangwa, wamebanana upande mmoja. Hapa watu wa Amu mumetega masikio, najua. Blake anarudi huko kwa wazazi wake, anasimama mbele ya watu anawaomba wavuke bahari wakailinde shule ya binadamu isishambuliwe na White Fang, ili dunia ione kwamba Faunus si wabaya. Watu wanakataa, na mimi nilifurahi walivyokataa, nikasema haya sasa mjadala, kuna mzee atainuka aseme mwanangu, sisi hatujatuma mtu. Hapana. Nyumba ya kina Blake inashambuliwa usiku, basi wote wanakubali wanapanda vyombo wanakwenda.

Yaani kazi ya kumaliza ubaguzi ni ya anayebaguliwa. Aende akajithibitishe. Wale wa kwenye ile meza ya chakula hawadaiwi chochote.

Nawauliza wavuvi walioko hapa, hii mnaijua? Baada ya watu kutekwa nyara huku kwetu 2011 serikali ilipiga marufuku kuvua usiku, kwa usalama. Sasa mtu wa Kizingitini au Faza ambaye hajashika bunduki maishani mwake, ambaye samaki wake huvuliwa usiku, miaka ilipita akiambiwa subiri, thibitisha, leta kitambulisho. Nataka vijana mulitazame hilo kwa jicho la mchoraji. Hiyo ndio Faunus. Si mtu anavutwa masikio tu, ni mshipi na nyavu zimekauka ukutani.

Na bandari ya Lamu ilipojengwa, wavuvi hawakuvaa barakoa. Walikwenda mahakamani. 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mimi sisemi mambo yaliisha hapo, waulizeni wenyewe. Nasema kati ya siku mtu alipokosa samaki na siku jaji aliposoma uamuzi, humo ndani mumejaa stori: nani alikwenda nyumba kwa nyumba kuandikisha majina, nani alisema ni kupoteza nauli, nani aligombana na nduguye, kijana gani alichoka kungoja akasema mambo ya hatari akanyamazishwa na mamake. RWBY ina "walikuwa wa amani" na ina "wakawa wabaya", na katikati hapo hapana mtu. Hata mkutano mmoja ulioharibika. Hata mtu mmoja anayetafuta kiti.

Wacha niseme na hili ingawa litawaudhi baadhi ya wazee. Tusitazame katuni tukadhani sisi twakaa upande wa Velvet daima. Hapa hapa Amu tulikuwa na mngwana na mtumwa, nyumba ya mawe na nyumba ya makuti, na utumwa pwani hii ulifutwa kisheria 1907, sio zamani sana, bibi yangu aliwajua watu waliozaliwa ndani yake. Hadi leo mtu akija kuposa kuna wanaouliza ukoo wa babu kwa sauti ya chini. Na ndugu zetu Waaweer, tunaowaita Waboni, na hilo jina wengine hulitamka kama tusi, watu wa msitu, walikuwa wakila kwa uwindaji na asali, uwindaji ukapigwa marufuku Kenya nzima 1977, na sisi mjini tukawa twawacheka ati hawataki maendeleo. Meza ya chakula ile. Tulikuwa twala.

(Hapa mzee mmoja aliinuka akatoka. Baadaye nilimkuta nje, kumbe alikwenda kuvuta sigara, akanambia endelea.)

Kuna aliyenambia jana, mbona wajisumbua, hiyo kampuni yenyewe imekufa. Kweli, Machi 2024 Rooster Teeth ilitangazwa inafungwa, na katuni ikanunuliwa na Viz Media mwaka ule ule, pengine wataifufua. Mimi hilo halinishughulishi sana. Linalonishughulisha ni hawa watoto kumi na saba wa darasani kwangu ambao wameitazama yote, wanaipenda, wanavaa utepe wa Blake, na wanataka kuchora zao. Na kila mmoja nikimuuliza adui wako ni nani ananichorea mtu wa barakoa mwenye hasira, na nikimuuliza amekasirishwa na nini ananiambia "ni mbaya tu, Ticha."

Kwa hivyo leo hatumalizii kwa makofi. Projekta iko tayari, jenereta ina mafuta ya saa moja na robo hivi, na hayo ya kuchanga. Tutaiweka ile sini ya ukumbi wa kula, mara moja tu, bila sauti. Halafu karatasi ziko hapo mlangoni, penseli nimeleta thelathini na najua nitarudi na ishirini. Chora fremu tatu tu. Blake yuko mezani, mkono uko kwenye utepe. Fremu ya pili na ya tatu ni zako. Asiinuke ukitaka, lakini nionyeshe uso wake. Na wazee pia mwaruhusiwa, Maalim, penseli yako nimekuchongea kabisa. Wanaorudi Shela boti ni saa tatu unusu na nahodha amesema hangoji mtu, basi waanze wao. Nani yuko karibu na swichi?